Kapsuli za seleni na salfa: chupa safi, kikaratasi cha hatari

Nilitaka kuzipa nyota tatu, na hata nne nisingesita. Chupa ina muhuri mzuri na kapsuli hazikwami kooni. Mengine utayasoma mwenyewe kwenye lebo. Kilichonipandisha hasira ni kikaratasi kilichokunjwa na kusukumizwa chini ya pamba.

Lebo ya nje inasema kapsuli moja kwa siku, mikrogramu 200 za seleni, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo tu. Kikaratasi cha ndani: "Kwa kinga ya saratani, mbili asubuhi na mbili jioni." Piga hesabu, ni 800! Mtu mzima anahitaji kama 55 tu kwa siku. Kikomo cha juu Marekani ni 400, na Ulaya mwaka 2023 wakakishusha cha kwao hadi 255, tena humo chakula kimeshahesabiwa. Anayekula samaki, mayai na nyama ana seleni yake tayari, na kama ni mpenzi wa kokwa za Brazili, gramu 28 tu zinaweza kumpa zaidi ya 500.

Halafu bidhaa yenyewe inaficha dalili ya kwanza ya sumu. Seleni ikizidi, mwili huitoa kwa pumzi ikiwa gesi ya dimethili selenidi, na gesi hiyo inanuka kama kitunguu saumu. Sasa ndani ya kapsuli hizihizi wameweka unga wa kitunguu saumu! Mtumiaji atanuka mdomo, atasema ni kitunguu, ataendelea kumeza. Kwa hiyo usitegemee pua. Tazama kucha zikianza kukatika au kutoka mistari myeupe, nywele zikibaki kwenye kitana, tumbo kuchafuka, vidole kufa ganzi. Ukiona hivyo acha mara moja, uende hospitali na chupa mkononi. Sitishi watu bure: mwaka 2008 huko Marekani kirutubisho cha maji kilichoandikwa mikrogramu 200 kilikutwa na 40,800 kwa dozi moja, na watu 201 wakadhurika.

Na hizo kapsuli nne hazina hata kazi ya kufanya. Seleni haipambani peke yake na uoksidishaji unaoharibu seli. Inakaa ndani ya kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidasi, nacho hutumia glutathioni, ambayo nguvu yake iko kwenye salfa, kugeuza peroksidi ya hidrojeni kuwa maji. Kimeng'enya kikishapata seleni ya kukitosha, ya ziada haikiongezi makali. Ikiwa ni ya aina ya selenomethionini, inajipenyeza kwenye protini za mwili mahali pa methionini, kijenzi cha kawaida cha protini, na kurundikana huko. Ndiyo sababu ni lazima lebo itaje aina. Hii imeandika "seleni" basi.

Kikaratasi kinajigamba kwamba "utafiti umethibitisha". Ni ule wa Marekani uliotoka 1996, wa watu 1,312 waliowahi kuugua saratani ya ngozi. Ya ngozi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikichunguzwa, haikupungua. Zilizopungua ni za tezi dume, mapafu na utumbo mpana, matokeo ya pembeni yaliyohitaji kupimwa upya. Yakapimwa: utafiti wa SELECT, wanaume zaidi ya 35,000, mikrogramu zilezile 200. Ukasimamishwa 2008 kwa sababu kinga haikuonekana. Uchambuzi uliochapishwa 2014 ukaonyesha kwamba waliokuwa na seleni nyingi mwilini tangu mwanzo, kisha wakaongezewa, walipata zaidi saratani kali ya tezi dume. Hayo yote kikaratasi kimeyaruka.

Upande wa salfa nina huruma kidogo, ila unga wa kitunguu saumu kwenye kapsuli ya kawaida ni kazi bure. Alisini, kemikali yenye salfa ambayo kitunguu saumu husifiwa kwayo, haimo kwenye kitunguu kizima. Hutengenezwa na kimeng'enya pale kinapopondwa, na asidi ya tumbo huua kimeng'enya hicho. Kapsuli ilitakiwa iwe na ganda la kupita tumboni bila kuyeyuka. Jikoni unapata zaidi: ponda, acha dakika 10, ndipo uweke motoni. Brokoli nayo ikatekate uiache kwanza, au ukishaipika nyunyizia unga wa mbegu za haradali mbichi, maana haradali ina kimeng'enya cha kutengeneza sulforafani, kemikali ya salfa ya brokoli, kilichokwisha kuungua kwenye brokoli.

Kwa aliyepimwa damu akaonekana kapungukiwa kweli, kapsuli moja chini ya uangalizi wa daktari ingeweza kumfaa. Hapo nilikuwa bado kwenye nyota mbili. Nikawaandikia huduma kwa wateja kuuliza aina ya seleni na sababu ya hizo nne. Jibu: "Kwani wewe ni daktari? Ni ya asili, haina madhara. Hata wateja wetu walio kwenye kemotherapi wanaitumia."

Kemotherapi! Ndani ya kapsuli hizi kuna asetilisisteini, kiambato chenye salfa. Sisplatini ni dawa ya kemotherapi yenye platini, na platini ikikutana na salfa ya namna hiyo hushikwa ikapoteza nguvu. Thiosulfati ya sodiamu, yenye salfa pia, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kulinda masikio ya watoto wanaopewa sisplatini hutolewa saa 6 baada ya dripu kwisha, kusudi isiharibu tiba. Hawa wanamwambia mgonjwa ameze tu, asubuhi na jioni. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambaye kitunguu saumu kingi kinaweza kumzidishia kutoka damu, hakutajwa popote.

Nyota moja. Wakikitoa kikaratasi hicho, wakaandika aina ya seleni na onyo la kemotherapi kwenye lebo ya nje kwa herufi zinazosomeka, nitarudisha ya pili. Ya tatu hawaipati.