Vikopo saba vya Amani: tulivyoyafuata maji ya bombani hadi msituni

Mimi ni mtu wa Ngamiani, Tanga mjini. Maji ya bomba nimeyaoga na kuyapikia tangu utoto bila kuuliza yanatoka wapi. Jumamosi iliyopita tuliyafuata, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, simu mkononi, tukisaka vikopo vilivyofichwa kando ya njia kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza.

Mchezo wenyewe, jiokashingi, ulianzia Marekani Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo, wanayotumia raia. Mtu anaficha kikopo, anatoa namba za latitudo na longitudo. Ukikipata unaandika jina kwenye kidaftari kilichomo, unakirudisha palepale. Kijana aliyetutembeza ameipa njia yake mada moja: maji ya Tanga. Kila kikopo kina swali, na jibu lake ndilo linakamilisha namba za kikopo kinachofuata. Cha kwanza kiko karibu na kituo cha wageni cha Zigi. Hifadhi ilitangazwa mwaka gani? 1997. Haya, panda mlima.

Kilichonikamata ni cha tatu. Tulifika kwenye jabali linalotiririsha maji, na kwenye ufa wake kumeota kimmea chenye majani mazito yenye vinyweleo kama sikio la mtoto wa mbuzi, na vijiua vya zambarau visivyozidi ukucha wa kidole gumba. Ndiyo Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanaliita urujuani wa Usambara, na linapambwa madirishani dunia nzima. Mimi, mzaliwa wa Tanga, nilikuwa silijui. Nilipenda pia kwamba kikopo hakikuwekwa jabalini, bali hatua kama ishirini huku njiani, kwenye uwazi wa mzizi, ili watu wasikanyage maua wakitafuta. Aliyepanga hivyo anaujua msitu na anauonea huruma.

Cha nne kiko kando ya Mto Zigi. Swali: maji haya yanakwenda kukusanyika wapi kabla ya kufika mjini? Hesabu herufi. Mpwa wangu akahesabu kwa vidole, M-a-b-a-y-a-n-i, nane, kisha akayatazama yale maji. "Mjomba, kwa hiyo haya ndiyo tunayokunywa nyumbani?" Ndiyo haya. Kijana akatueleza taratibu jinsi majani makavu na mizizi inavyoipokea mvua na kuiachia kidogokidogo, na jinsi mteremko uliofyekwa unavyoachia tope likaenda kujaa kwenye bwawa la Mabayani.

Kasoro zipo, nazo nilimwambia kijana mwenyewe. Hicho kikopo cha nne mfuniko wake haushiki: kidaftari kimelowa, majina ya waliotutangulia yamekuwa madoa ya bluu. Inafaa chombo chenye mpira mfunikoni, na penseli badala ya kalamu ya wino. Pili, chini ya miti minene GPS inayumba. Kikopo cha sita simu ilituzungusha zaidi ya nusu saa, mpaka tukapewa kidokezo. Vidokezo viandikwe tangu mwanzo, maana watu wakikosa wataanza kukata vichaka, na hapo mchezo utageuka hasara kwa msitu.

Ramani ipakueni mkiwa bado Muheza mjini; GPS haihitaji bando, ramani inahitaji. Vaeni viatu vya kushika utelezi na mchomeke suruali ndani ya soksi, siafu wapo. Kwa mtoto wa umri huu saa tano za kutembea zilitosha kabisa, na njia nzima hakuulizia katuni hata mara moja.

Nitarudi Januari, kabla ya masika, na watoto wa majirani. Kikopo kipya cha nne nimeshakinunua.