ODK Collect kwenye mafuriko ya Dar: uzoefu wangu

Kuorodhesha nyumba zilizoingiwa na maji Tandale na bonde la Msimbazi natumia ODK Collect, app ya simu ya kujaza fomu za takwimu. Ni ya bure, na fomu ukishaipakua unajaza bila bando, unatuma jioni. Ni ya Android tu, kwa hiyo mwenye iPhone mpe futi kamba.

Kinachoharibu kazi ni haraka kwenye GPS. Ukichukua nukta (mahali nyumba ilipo), simu inaonyesha usahihi: mita 40, 22, 11… Subiri ifike 5. Tandale nyumba zimebanana, mabati na kuta vinarudisha mawimbi ya setilaiti, na nukta yenye kosa la mita 15 inaangukia kwa jirani. Magodoro ya msaada nayo yatashushwa kwa jirani. Sogea penye anga wazi, simama dakika moja au mbili. Ikigoma, weka nukta kwa mkono juu ya ramani, mradi fomu imeruhusu na ramani ya nje ya mtandao (faili la MBTiles) imepakiwa mapema. Majengo mengi ya huko yamo tayari kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, shukrani kwa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya Dar ulioanza 2015.

Kina cha maji usikichukue kwa mdomo. "Yalifika magotini", magoti ya nani? Tafuta mstari wa tope ukutani, pima kutoka sakafuni, andika sentimita, na kwenye picha futi ionekane.

Picha zenyewe zipunguzwe ndani ya fomu, upande mrefu pikseli 1024. Zikiachwa zilivyo, kila moja ina MB kadhaa, na fomu 60 zinamaliza bando kabla hazijafika.

Watu wawili kuandika nyumba moja ni jambo la kila siku. Gaweni kazi kwa mashina, mjumbe atembee nanyi kwa sababu mipaka ya shina anaijua yeye, na nyumba iliyokwisha ipigwe chaki mlangoni.

Mvua ikinyesha, matone yanabonyeza kioo yenyewe. Simu ikae kwenye kifuko cha plastiki kinachoonyesha.

La mwisho: fomu iliyohifadhiwa kama rasimu haitumwi, hata mtandao ukiwa mzuri. Kabla ya kutawanyika, fungueni rasimu kwenye kila simu, mkamilishe zilizobaki mkiwa bado mtaani.