Nilichorewa picha ya chumba cha kusomea, Tabora mjini

Nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitasema ilikopotelea.

Mtaani kwetu tuna chumba cha kupanga ambacho watoto hukaa kusoma jioni. Kuta zilikuwa tupu, nikamtafuta kijana mmoja anayeandika mabango ya maduka. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya mkutubi ya Giuseppe Arcimboldo, Mwitaliano wa karne ya 16: mtu mzima ameundwa kwa vitabu, hata nywele ni kitabu kilichofunguliwa. Fundi akacheka. "Mwalimu, huyu ana vitabu lakini hasomi."

Basi nikamwachia atunge mwenyewe. Kachora mwembe (Tabora utachora mti gani mwingine?), na chini yake bibi anafuata mstari kwa kidole, mjukuu anachungulia begani kwake, mwingine kaachama, dhahiri anabishana na alichosikia. Hakuna hata mmoja anayekutazama wewe. Picha nyingi za maktaba nilizowahi kuona ni rafu zilizonyooka na mtu mmoja anatabasamu, kitabu kimegeuzwa kuelekea kamera. Hapa watu wana shughuli yao. Jalada hakuliandika kitu, na watoto hadi leo wanagombana bibi anasoma nini.

Mtindo ni wa Tingatinga: rangi kali, nyuma pako wazi, na kazi yote iko juu ya hadibodi kwa rangi ya mafuta. Edward Saidi Tingatinga naye alianza hivyohivyo Dar es Salaam miaka ya 1960 mwishoni, kwa rangi za kupakia baiskeli. Hadibodi ulikuwa ushauri wa fundi, kwani ukuta wetu hupandisha unyevu mvua zikianza, na mwenye nyumba akitutoa tunaondoka na picha yetu.

Sasa ile nyota. Rangi ya mafuta inang'aa mno. Mchana mwanga wa dirisha unapiga katikati, uso wa bibi unapotea mpaka usogee pembeni. Ilibidi tuhamishie picha ukuta wa pili. Na ile Jumamosi ya kukabidhiwa kazi iligeuka kuwa Jumamosi nyingine, mafundi mnawajua.

Ukienda kwa mchoraji yeyote, hadibodi na rangi nunua mwenyewe, mpe nusu ya ufundi kwanza, na mwite aone dirisha liko upande gani kabla hajachukua vipimo.