Darasa la jioni la sheria za biashara Kariakoo, kwa wanaotoa mali kauli

Jamani kama unauza jumla na unaachia watu mzigo kwa mali kauli nenda hili darasa. Mwalimu ni wakili, hana haraka, jioni nzima tulikaa na kesi moja tu ya London na kwangu hiyo jioni pekee imelipa ada yote.

Aron Salomon alikuwa na biashara ya viatu Whitechapel, 1892 akaiuza kwa kampuni aliyoifungua mwenyewe. Sheria ilitaka wanahisa 7, basi akaweka mkewe, binti yake na vijana wake wanne, kila mmoja hisa 1, yeye akabaki na 20,001. Sasa sikia hapa, bei ilikuwa zaidi ya pauni 38,000 na kati ya hizo 10,000 kampuni ikamlipa kwa dibencha, hati za deni zenye dhamana, yaani Salomon akawa anaidai kampuni yake mwenyewe na dhamana ni mali zote za hiyo hiyo kampuni! Mwalimu akachora ubaoni foleni ya wadai, mwenye dibencha mbele kabisa, sisi wa kuaminiana mkiani, darasa zima kimya.

Mambo yakaharibika, Salomon akakopa pauni 5,000 kwa mtu anaitwa Broderip kwa dhamana ya zile dibencha, lakini 1893 kampuni ikafilisika. Wasio na dhamana walikuwa wanadai zaidi ya pauni 7,700. Mfilisi akasema kampuni ni Salomon tu huyo huyo, alipe yeye, na mahakama mbili za chini zikamkubalia. Novemba 1896 House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ikapindua yote, kampuni ni mtu mwingine kisheria na deni lake ni lake. Lord Macnaghten, mmoja wa majaji, alikubali hukumu ila akasema wazi wenye dibencha kuzoa kila kitu ni aibu kubwa, na mimi namuunga mkono kabisa maana waliotoa bidhaa walimzoea Salomon miaka na miaka. Hadi leo mahakama zetu zinaitumia hiyo kesi.

Baadae akatuonyesha namna ya kupekua BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kuona kama kampuni imeshaweka mali zake rehani kabla hujaiachia mzigo, hii ningetaka ipewe jioni yake nzima, imepita mbio mno. Fotokopi hafifu, na kuanza saa kumi na mbili kwa mwenye duka ni mapema. Nyota nne.