Uzoefu wangu na nekta ya chupa ya kulishia sisimizi: nyota mbili, kwa shingo upande

Nimefuga sisimizi kwa muda wa kutosha kujua kwamba mtu anayelalamikia chakula chao huchekwa kwanza, kisha ndipo husikilizwa. Basi wacheke wanaotaka kucheka. Siku kadhaa zilizopita, au labda ni wiki mbili sasa, maana hasira imenivurugia hesabu, nilipoteza wafanyakazi 11 kati ya 40 hivi wa koloni langu changa la Camponotus, yaani jamii ya sisimizi seremala, katika muda usiotimia saa moja, nao hawakufa kwa ugonjwa wala kwa njaa, bali walifia ndani ya tone la nekta ambayo chupa yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni salama kwa sisimizi wa aina zote.

Ukubwa wa chupa na umbo la mdomo wake sitaueleza. Anayetaka kuyajua hayo atayakuta kwenye tangazo. Kinachonichoma ni jambo moja: nekta hiyo ni nzito kama shira iliyochemka ikasahauliwa jikoni, na hakuna neno hata moja linalomwonya mnunuzi. Nilidondosha tone moja juu ya kipande cha plastiki katika uwanja wa kulishia, kama nilivyozoea kufanya na maji ya sukari, nikaenda zangu. Niliporudi, wale waliotangulia walikuwa wamezama hadi kiunoni, na waliofuata walikuwa wamepanda migongoni mwa wenzao ili waufikie utamu, nao wakanasa vilevile. Sisimizi hupumua kupitia vitundu vidogo vilivyo ubavuni mwake, na shira ikishaviziba hana tena njia ya kupata hewa. Nilichukua brashi laini ya kuchorea, nikailowesha maji ya vuguvugu, nikaanza kuwatoa mmoja mmoja huku mikono ikinitetemeka. Niliokoa wawili tu. Mmoja wao alitoka bila mguu wa nyuma wa kushoto, na sina hakika kama aliupoteza ndani ya tone au ni mimi niliyemvuta kwa papara.

Najua kwamba kuna watakaosema 11 si wengi. Katika koloni lenye maelfu, ni kweli, vifo hivyo visingeonekana. Koloni changa la jamii hii, hata hivyo, hukua polepole mno, na hao wafanyakazi wa mwanzo ndio wanaomlisha malkia, ndio wanaowasafisha mabuu, ndio wanaotoka kutafuta. Ukiondoa robo yao kwa mkupuo mmoja, unamrudisha malkia nyuma kwa miezi.

Nilimwandikia muuzaji. Naomba nieleweke vizuri hapa: sikutukana, wala sikudai nirudishiwe chochote. Nilimweleza kilichotokea, nikamshauri aongeze kwenye lebo mstari mmoja tu unaosema kwamba nekta izimuliwe kwa maji au itolewe kwenye pamba, kisha nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenisumbua tangu nisome orodha ya viambato, yaani ni kitu gani hasa kinachoitwa “vitamu asilia”. Jibu la kwanza lilisema kwamba mchanganyiko ni siri ya biashara. Nilipouliza tena, kwa adabu ileile, nikapokea maneno haya ambayo nimeyasoma mara nyingi kuliko yanavyostahili: “Ndugu mteja, hao ni sisimizi tu. Ukitoka nje utaokota wengine.”

Anayesema hivyo ni mtu anayeishi kwa kuuza chakula cha sisimizi. Ni sawa na muuza majani ya ng’ombe amwambie mfugaji aliyefiwa na ndama kwamba ng’ombe wamejaa malishoni. Kama ni sisimizi tu, kwa nini chupa ina picha ya malkia aliyenona na ahadi za afya na maisha marefu? Na kama naweza kuokota wengine, basi naweza pia kuwaacha walambe utomvu mtamu wa vidukari, wale wadudu wadogo wa kwenye mimea, wanavyofanya wenyewe, na yeye atafute kazi nyingine.

Tena swali langu halikuwa la udadisi. Sisimizi mzima hali kama sisi. Vipande vigumu havimezi, bali hunywa vimiminika na kuvihifadhi katika tumbo la kwanza, lililo mfano wa gole la ndege, kisha akirudi kiotani huwagawia wenzake mdomo kwa mdomo. Ndiyo maana watu wanaotaka kuwaangamiza sisimizi ndani ya nyumba huchanganya asidi ya boriki na maji ya sukari: sumu hiyo huua taratibu, hivyo anayeinywa huwahi kuifikisha kwa jamaa zake kabla hajafa. Chochote unachompa mmoja umewapa wote, malkia akiwamo. Sasa ukiniandikia “vitamu asilia” bila kutaja jina, wazo langu linakwenda moja kwa moja kwenye eritritoli, ambayo nayo huuzwa kama kitamu asilia, na ambayo utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kwamba hufupisha sana maisha ya nzi wa matunda. Nzi si sisimizi, nakubali, na sidai kwamba imo ndani ya chupa hii. Nilitaka tu niambiwe kwamba haimo. Sentensi moja ingetosha.

Isitoshe, siri hiyo ya biashara ni siri ya nani? Mwaka 1970 watafiti Bhatkar na Whitcomb walichapisha chakula chao cha kufugia sisimizi wa aina mbalimbali, pamoja na vipimo vyake vyote: yai moja, asali mililita 62, agari (unga wa mwani wa kugandishia) gramu 5, gramu moja ya vitamini na madini, na maji mililita 500. Hawakumficha mtu. Zaidi ya nusu karne baadaye wafugaji bado wanakipika, ilhali huyu bwana wa chupa anashindwa kutaja jina la sukari.

Baada ya kusema hayo, lazima nikiri jambo linaloniudhi kuliko jibu lenyewe.

Hasira ilipopungua kidogo niliizimua ile nekta, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji, nikachovya kipande cha pamba na kukiweka mahali palepale. Walikuja, wakazunguka pamba wakiwa wameinamisha vichwa kama ng’ombe kwenye birika, wakanywa hadi matumbo yakavimba na ngozi nyeupe kati ya magamba ikaonekana kama mistari. Hakunasa hata mmoja. Usiku huo nilimwona malkia akilishwa na wafanyakazi watatu kwa zamu. Siku zilizofuata kukawa na mayai mapya, ingawa sitakuwa mwepesi wa kuyahusisha na nekta, kwa sababu nilikuwa nimewapa pia nzi, na protini ndiyo inayojenga mayai na mabuu. Sukari ni nguvu ya wafanyakazi. Hata hivyo, nguvu hiyo si anasa. Watafiti Dussutour na Simpson walionesha mwaka 2012 kwamba sisimizi weusi wa bustanini, Lasius niger, wakilishwa protini nyingi mno kuliko wanga, wafanyakazi hufa mapema na koloni huporomoka. Kwa hiyo sitamsikiliza anayeniambia niachane na vitu vitamu. (Wanaofuga wavuna mbegu kama Messor wana nafuu yao, kwa kuwa wanga wanaupata kwenye mbegu, nao wanaweza kuishia hapa kusoma.)

Nikajiambia kwamba kama lazima nizimue, basi nimenunua sukari kwa njia ya mzunguko. Nikapanga mashindano: upande mmoja nekta iliyozimuliwa, upande wa pili maji ya sukari nyeupe ya kawaida, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, ambayo koloni hili limekunywa tangu lilipokuwa na wafanyakazi watano. Nilitaka sana sukari ishinde. Nilikuwa tayari kuandika kwamba chupa ile ni upuuzi mtupu. Wafanyakazi wangu walipita kwenye maji ya sukari, wakayagusa kwa vipapasio, wakaendelea na safari hadi kwenye nekta. Nilidhani maji yangu ni mepesi mno, nikaongeza sukari hadi sehemu moja kwa mbili. Matokeo yakawa yaleyale. Nilibadilisha pande, nisije nikawa nimeonea. Yaleyale. Pengine ni asidi za amino zilizotajwa kwenye lebo, kwa kuwa nekta ya maua na utomvu mtamu wa vidukari huwa nazo pia, na sisimizi wengi huzipenda zikiwa ndani ya sukari. Kwa vyovyote, nilisalitiwa na wale wale niliokuwa nikiwatetea.

Asali nayo sikuisahau. Niliiacha zamani kwa sababu mbili: isipozimuliwa hunasa miguu, kosa lilelile ninalolilalamikia hapa, na ikizimuliwa hamira zilizolala ndani yake huamka, nayo huchacha haraka, zaidi ya hapo huwezi kujua nyuki walipita kwenye maua yaliyonyunyiziwa dawa gani. Kwa haki, basi, niseme kwamba chupa hii haijachacha mpaka leo, ila ile niliyoizimua huitupa baada ya siku mbili, na yeyote atakayeinunua afanye hivyo.

Hukumu yangu ilikuwa nyota moja. Nilipowaona wakinywa ilipanda ikawa tatu, na kwa muda mfupi usiku ule nilifikiria nne, kwa kuwa sijawahi kuliona koloni hili limeshiba vile. Kisha nikaufungua tena ule ujumbe ili ninukuu maneno yake sawasawa, nikakutana na lile neno “tu”, nikashusha hadi mbili. Huenda kesho nikashusha tena. Chakula ni kizuri, nalazimika kulisema, lakini nimekijua uzuri wake kwa kuzika 11, na mwenye chakula hakioni kifo chao kuwa ni jambo la kuandikiwa hata mstari mmoja kwenye lebo. Swali langu la viambato bado halijajibiwa. Nekta inayobaki natumia kwa kudondosha matone kwenye pamba, macho yangu yakiwa palepale mpaka wa mwisho aondoke, jambo ambalo si raha ninayoifugia sisimizi.

Yule aliyepoteza mguu bado yupo. Ninamtambua kwa namna anavyolalia upande wa kushoto akitembea. Jana niliweka tena pande zote mbili, maji ya sukari na nekta, nikamwona akitoka kiotani kabla ya wenzake, akachechemea hadi kwenye pamba ya nekta, akainama.