Sakafu mpya ya gari la kulala safarini: uzoefu wangu Arusha

Gari langu ni Toyota HiAce niliyoiwekea kitanda na jiko dogo, na kwa miaka mitatu sakafu yake ilikuwa zulia nililolitandika mwenyewe. Aliyewahi kupita barabara ya vumbi inayoanzia lango la Lodoare kuelekea Ngorongoro anaweza kukisia hali yake. Masika yalipofika likaanza kunuka uvundo.

Dukani nilivutiwa na laminati kwa sura yake ya mbao, lakini kiini chake ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ambao huvimba ukilowa, nami hupikia humo humo. Vigae vya kauri sikuvifikiria kabisa, kwa kuwa ni vizito na gari likitikisika hupasuka. Nilichagua kapeti la mpira la milimita 2, la aina inayotandikwa kwenye mabasi, ambalo halipitishi maji, hufutwa kwa kitambaa, na kipande kimoja kilienea gari zima bila kiungo.

Katika karakana niliyoiendea mtaa wa Unga Limited, fundi alipendekeza kulibandika juu ya plaiwudi ya zamani ili amalize siku ile ile. Nilikataa, na ilipong'olewa tulikuta imeoza karibu na mlango wa kuteleza, na bati la chini limeshika kutu. Kutu ilikwanguliwa, ikapakwa rangi ya kuizuia, ikaachwa ikauke usiku kucha. Plaiwudi mpya ya milimita 12, isiyoharibiwa na maji, ilikatwa kwa kufuata ile kuukuu, kisha ikafungwa kwa skrubu fupi. Hapo fundi alinifurahisha, kwani kabla ya kutoboa aliingia chini ya gari kuangalia tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapopita.

Kubandika ndiko kulikoharibu. Gundi iliyotumika hupakwa pande zote mbili na kusubiriwa hadi isishike kidole, lakini kijana aliyeachiwa kazi hiyo alibandika mapema mno, tena asubuhi ya baridi ya Julai, na baada ya wiki mbili ukingo wa mlangoni ukainuka. Waliurudia bila malipo. Hata hivyo ukanda wa aluminiamu wa kuubana niliununua mwenyewe, ilhali ulipaswa kuwemo kwenye bei tangu siku ya kwanza.