Kugeuza video kwa ajili ya PSP: programu ipi uchukue, ipi uiache

Kama unataka kutazama filamu kwenye PSP (PlayStation Portable, mashine ya michezo ya mkononi ya Sony), usianze kwa kulipia programu ya kugeuza video. Pesa hiyo nunulia kadi ya kumbukumbu. Mashine hii ilitoka Japani Desemba 2004, kioo chake ni pikseli 480 kwa 272, na kuitengenezea faili ni kazi ambayo programu za bure zinaimudu siku nyingi.

Kinachotakiwa ni hiki: picha ya H.264 (njia ya kubana video) yenye wasifu (profile) wa Main na kiwango (level) kisichozidi 3.0, fremu zisizozidi 30 kwa sekunde, sauti iliyobanwa kwa AAC ya chaneli mbili, vyote ndani ya faili ya MP4. Video nyingi za leo huja na wasifu wa High, na PSP haiutaki. Ndiyo maana faili inaweza kuishia na .mp4 na bado ikagoma kucheza.

Namba moja ni HandBrake. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Vipimo vya hapo juu unaviweka mwenyewe mara moja, kisha unavihifadhi ili usirudie tena. Kilichoipandisha juu kwangu ni manukuu: PSP haisomi faili ya manukuu ya SRT iliyo pembeni, kwa hiyo maneno lazima yachomwe ndani ya picha, na HandBrake inalifanya hilo kwa kubofya tu. Pia inakuruhusu kugeuza kipande kidogo. Chukua dakika moja yenye purukushani nyingi, ijaribu kwenye mashine, ndipo uiachie filamu nzima.

FFmpeg naiweka ya pili kwa sababu moja tu: haina vitufe, ni kuandika amri. Kwa mwenye tamthilia ya vipindi hamsini, hii ndiyo ya kwanza. Ina hata umbizo lake maalumu la PSP:

ffmpeg -i kipindi.mkv -c:v libx264 -profile:v main -level 3.0 -pix_fmt yuv420p -x264-params b-pyramid=none:ref=3 -vf scale=480:272 -r 30000/1001 -b:v 768k -c:a aac -b:a 128k -ac 2 -ar 48000 -f psp kipindi.mp4

Amri hiyo inafaa picha ya 16:9. Filamu pana zaidi itavutika na watu watarefuka nyuso. Hapo punguza kimo, kwa mfano 480:200.

XMedia Recode ni ya tatu. Ni ya Windows peke yake, lakini ina orodha ya vifaa vilivyokwisha kupangwa, kwa hiyo inamfaa asiyetaka kusikia habari za wasifu na viwango.

Programu za kulipia ziko chini. Nyingi zimejengwa juu ya FFmpeg ileile, na toleo la majaribio mara nyingi hukubandikia nembo juu ya picha au hukata video njiani. Tovuti za kugeuza video ndizo za mwisho: unapakia faili kubwa, unasubiri, unapakua tena, na bando ndilo linaloumia.

Sasa kadi. Kwa vipimo vya amri ile, saa moja ya video inakula takriban MB 400, kwa hiyo GB 16 inabeba filamu nyingi kuliko betri itakavyovumilia. PSP hutumia Memory Stick PRO Duo. Adapta ya microSD huwa nafuu zaidi na inafanya kazi vizuri. PSP Go ni tofauti: ina GB 16 za ndani na inachukua kadi ndogo ya M2. Kadi bandia zimejaa sokoni, basi kabla ya kuijaza kadi yako ipime kwa H2testw, programu ya Windows inayoonyesha kama ukubwa wa kadi ni wa kweli. Kisha iandae (format) ndani ya PSP yenyewe, na faili ziweke kwenye folda ya VIDEO, nje kabisa, isiwe ndani ya folda ya PSP.